Mchezaji Huu Umekomaa

Nchi ninayoisimulia si yetu. Naomba tuelewane hapo mapema, maana kuna watu wakisikia mambo ya wenzao hupenda kukohoa. Nchi hiyo iko mbali. Ukitaka kufika unapita nchi mbili za watu wenye akili zao, ya tatu ndiyo hiyo. Mimi mwenyewe sijafika. Nina shemeji yangu, fundi majokofu, aliyekaa huko mpaka akarudi na tabia ya kupiga makofi kila anapoona gari jeusi. Haya yote nimeyatoa kwake, kwa hiyo kama kuna uongo, muulizeni yeye.

Basi nchi hiyo ilikuwa na wizara nyingi kuliko kazi. Wakubwa wakakaa, wakaona ni aibu, wakaamua kuziunganisha. Wizara ya Michezo ikaunganishwa na ya Kilimo, ikaitwa Wizara ya Kilimo, Michezo na Mazao Mengine. Michezo haikuwa na sheria hata moja, za kilimo zilikuwa zimejaa kabati, basi wakagawana. Mchezaji akiumia, aliletewa bwana shamba. Timu ikifungwa, iliandikwa kwamba imekumbwa na ukame. Ukienda kuomba jezi unaulizwa eka ngapi.

Waziri wake aliitwa Mheshimiwa Dakta Malundo, na kwa kweli alikuwa mtu mwema. Hakuwa mkali, hakuwa mchoyo, na alipenda watoto. Tatizo lake lilikuwa dogo tu. Alikuwa amesoma ughaibuni miaka mingi, akarudi na shahada mbili na masanduku manne, lakini ngeli zake zilipotea njiani. Hakuzipoteza zote. Alipoteza ya watu. Kwake yeye kila neno lililoanza na "m" lilikuwa mti. Mti huu, mlima huu, mwalimu huu. Siku ya kwanza alipohutubia alisema hivi:

"Mikulima yangu, mwalimu ulio hodari ndio unaojenga taifa."

Watu wakatazamana. Katibu Mkuu wake, Bwana Ndimbo, aliyewahi kutumikia mawaziri saba bila kuumwa mgongo, akasimama akainamisha kichwa. "Kweli kabisa, Mheshimiwa. Na mimi mtumishi wako, uliopo hapa mbele yako, unakubali."

Ikawa ndiyo hivyo. Katika nchi ile hakuna mtu anayemsahihisha waziri. Waziri akikosea, kinachosahihishwa ni lugha. Haukupita muda, wataalamu wa lugha wakatangaza kwamba wamefanya utafiti wakagundua "mtu" na "mti" zinatofautiana herufi moja tu, kwa hiyo hakuna haja ya kuwachosha wananchi na ngeli mbili. Mtoto akisema nyumbani "mgeni umekuja" anapigwa kofi na bibi yake. Akisema shuleni "mgeni amekuja" anaandikwa jina. Watoto wakajifunza mapema kwamba kuna lugha ya kusemea na kuna lugha ya usalama.

Sasa tuje kwenye timu.

Nyuki wa Bondeni walikuwa timu ya wanawake ya mpira wa magongo, timu pekee ya serikali iliyokuwa inashinda kitu. Haikuwa rahisi. Mwaka mmoja polisi walipata habari kwamba kule Bondeni kuna wanawake wanacheza na magongo kila jioni, wakavamia uwanja wakiwa na mbwa. Si unajua gongo ni pombe gani. Walikuta magongo kumi na moja makavu, mbwa akayanusa moja moja, akakaa chini. Mkuu wa msafara akaandika kwenye ripoti: "Limeshanywewa."

Uwanja wenyewe ulikuwa na dimbwi mbele ya goli la kaskazini. Mashine ya kukatia nyasi ilikufa zamani, kwa hiyo Kocha Shomvi, mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, alileta mbuzi wake. Mbuzi huyo aliitwa Katibu. Ukimuuliza Kocha kwa nini, anakujibu taratibu: "Anakula karatasi zote ninazoandika, halafu hanijibu."

Na ndani ya timu hiyo alikuwemo Sikudhani Lwambo.

Sikudhani alipoanza, alikuwa msichana mwembamba anayekimbia kama mtu aliyeibiwa. Mpira ukienda kulia, yuko kulia. Ukienda kushoto, yuko kushoto, tena amefika kabla yake. Jioni analala hajavua viatu. Lakini miaka ikaenda, akafika umri ule ambao mashangazi huanza kuuliza maswali kwenye misiba, na mchezo wake ukabadilika. Akaacha kukimbia. Anasimama mahali, gongo lake amelilaza chini kama mtu anayesubiri chai, halafu mpira unakuja pale pale alipo. Anaugusa mara moja. Goli.

"Ulijuaje kama unakuja hapo?" Kocha Shomvi alimuuliza siku moja.

"Ungeenda wapi, Kocha? Yule wa kushoto amechoka, wa kati anamwogopa Tausi wetu, aliyebaki hawezi kupiga ila huku."

"Sasa mbona zamani ulikuwa unakimbia?"

"Zamani nilikuwa sijui. Mtu asiyejua lazima akimbie."

Kocha akacheka mpaka kofia ikasogea. "Kuna wakubwa wanakimbia tangu uhuru," akasema.

Jirani zao, nchi ya ng'ambo ya mto, walikuwa wanamtamani Sikudhani kitambo. Walimtumia salamu, wakamtumia vitenge, yeye hataki. "Vumbi la uwanja huu nimelila miaka yote," alimwambia Kocha. "Leo ndiyo nimeanza kuufaidi. Hawa wasichana nikiwaangalia tu wanajua pa kwenda. Nikahamie kwa watu nianze tena kukimbia?"

Hapo ndipo palipokuwa na jambo, msomaji, usilisahau: alitaka kubaki. Hakuomba nyumba wala cheo. Aliomba kuachwa alipo, na katika nchi ile hilo ndilo ombi gumu kuliko yote.

Balaa lililetwa na sifa. Mwandishi mmoja wa michezo, kijana mwenye nia njema, aliona Sikudhani amewafunga maaskari wa mpakani mabao matatu bila kutoa jasho. Akaandika kwa herufi kubwa: SIKUDHANI AMEKOMAA.

Gazeti likafika wizarani pamoja na chai. Bwana Ndimbo akalisoma, akaacha andazi likielea.

"Mheshimiwa, kuna zao limekomaa na bado liko shambani."

"Zao gani hilo?"

"Mchezaji, Mheshimiwa. Sikudhani."

Waziri akavua miwani. Sheria ya Mazao aliijua kwa kichwa, ndiyo pekee aliyoijua, na ilikuwa haina huruma: zao lililokomaa lisionekane shambani. Livunwe, liuzwe au libadilishwe na mbegu. Mkulima anayeliacha likae anahujumu uchumi.

"Mchezaji huu umekomaa kweli," akauliza, "au ni waandishi?"

Wakamtuma Afisa Mazao, Bwana Nkondo, akapime. Bwana Nkondo alikuwa amepima mananasi maisha yake yote na hakuona sababu ya kubadilisha utaratibu. Alifika uwanjani na koti jeupe, akamzunguka Sikudhani, akambonyeza bega kama parachichi, akamgonga kisogoni kwa kidole kilichokunjwa, akaweka sikio.

"Unasikia nini, kaka?" Sikudhani akauliza.

"Usiongee, unaharibu mlio."

"Ukimaliza kunigonga, nami nitakugonga nikusikie."

"Dada, mimi niko kazini."

"Na mimi nilikuwa kazini ulipokuja na kidole chako."

Bwana Nkondo akarudi wizarani ana wasiwasi. Alitoka pwani, na kwao kipimo cha kukomaa ni nazi. Inaanza kidaka, inakuwa kitale, halafu dafu, halafu koroma, mwisho nazi. Dafu utakunywa, nazi utakuna, lakini koroma iko katikati, haina maji ya maana wala tui.

"Mheshimiwa," akasema, "kwa uchunguzi wangu mchezaji huyu... samahani, huu, uko kwenye koroma."

"Saa nne asubuhi? Uamsheni."

Ilichukua kikao kizima kumwelewesha Waziri. Alipoelewa, hakupenda kuonekana hakuelewa, akatangaza kwamba suala hili ni zito na lazima wananchi washirikishwe.

Wananchi wakashirikishwa kwa njia ya redio, wapige simu waseme: Sikudhani abaki au abadilishwe. Mwalimu mmoja mstaafu alisema abadilishwe sasa hivi, kwa sababu akiiva atadondoka, na embe lililodondoka halina bei. Kijana mmoja wa gereji akasema abaki, gari likishajua njia huliuzi. Mtangazaji akamuuliza kama ana ushahidi wa kilimo, akakata simu. Mbunge mmoja aliyepiga akiwa bungeni alisema yeye anaunga mkono hoja, na alipoulizwa hoja ipi, akasema yoyote itakayopita.

Simu iliyowanyamazisha watu ilitoka sokoni, kwa mama mmoja muuza ndizi anayeitwa Mama Sheila.

"Nyie wataalamu," akasema, "ndizi ikikomaa mnajua kuikata. Sawa. Lakini mnakata mkungu tu? Mkungu ukikatwa, mgomba nao umekwisha, haubebi tena. Sasa huyo binti ni mkungu, au ni mgomba?"

Mtangazaji akakata simu. Halafu wakapiga muziki wa ala. Kesho yake wizara ikawashukuru wananchi kwa maoni yao na ikatangaza kwamba Sikudhani atabadilishwa, kama ilivyokuwa imeamuliwa kabla ya kuwauliza.

Mjumbe wa nchi ya ng'ambo alikuwa mwanamama mmoja mpole, Bibi Nyangeta, anayesikiliza sana na kuandika kidogo. Alikuja na mkoba, akakaribishwa kwenye ukumbi wa wizara wenye picha ya hindi kubwa ukutani. Sikudhani aliletwa naye akae pale mezani, kwa sababu sheria inataka bidhaa ionekane. Kocha Shomvi alikaa nyuma yake akiwa ameshika kofia mapajani kama mtu aliyekuja kupokea matokeo ya hospitali.

Mpango wa Waziri ulikuwa mzuri, nisimwonee. Alikuwa amefundishwa na Bwana Ndimbo kwamba timu zenye akili huwa zinatoa mchezaji aliyekomaa, zinachukua kijana mchanga, zinamlea. Aliyekomaa kwa mchanga. Hata wewe ungekubali. Kilichobaki ilikuwa kulisema.

"Bibi Nyangeta," Waziri akaanza, "sisi tunatoa mchezaji huu uliokomaa. Nyinyi mtupe mchanga."

Bibi Nyangeta akainua kalamu. "Mchanga, Mheshimiwa?"

"Mchanga. Ulio safi, ulio laini, usio na mawe."

Hapo alijigonga kichwani kwa kidole, kuonyesha mawe anayoyasema ni ya huko, lakini Bibi Nyangeta alikuwa anaandika.

"Tuuchukue wenyewe, tuulaze hapa kwetu, tuukuze," Waziri akaendelea. Alikuwa anaiona sura ya kijana yule, yuko bwenini, anakunywa uji.

"Kiasi gani, Mheshimiwa?"

"Kiasi chochote kinachotosha kujaza nafasi ya huu."

Bibi Nyangeta akamwangalia Sikudhani kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama anayekadiria shimo. "Na mnapenda wa mtoni, au wa machimbo?"

Waziri akatabasamu. Alipenda watu wasiobagua. "Wa popote. Hata wa mtoni. Si lazima uwe wa mjini."

Kocha Shomvi akafungua mdomo. Bwana Ndimbo, aliyekuwa amekwishaelewa na alikuwa anatoka jasho tangu neno "laini", akamkanyaga mguu. Kumwambia Waziri kwamba anaagiza mchanga wa kujengea ingebidi kwanza umwambie kwamba mtu si mti, na hilo lilikuwa limeshapitishwa na wataalamu.

Kalamu ya Bibi Nyangeta ilikuwa inakaribia kuweka nukta. Sikudhani alikuwa ameketi vilevile, mikono imelala mezani, kama anasubiri chai. Halafu akasema kwa sauti ndogo, kwa lugha ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiitumia:

"Mheshimiwa, mchezaji huu unaomba kusema neno moja."

Waziri akageuka uso umemng'aa. Timu ile nzima ilikuwa haijawahi kumpa heshima hiyo. "Mchezaji useme."

"Nafasi ikibaki wazi ni shamba lisilopandwa, na sheria yako haipendi. Mchezaji huu usiondoke mpaka mchanga wao ukomae."

"Mmeona?" Waziri akawageukia wote. "Mmeuona mchezaji ulivyoelimika? Iandikwe hivyo. Hatutoi uliokomaa mpaka mchanga ukomae."

"Ukomae, Mheshimiwa?" Bibi Nyangeta akauliza.

"Ukomae."

Bibi Nyangeta akafikiri. Kwao udongo wa matofali hulazwa siku kadhaa kabla ya kufyatuliwa. Labda kwa hawa mchanga nao hulazwa. Kila nchi na mila zake, na kwao mto ulikuwa unajaza mchanga bure mpaka unawasumbua. Mchezaji bora wa ukanda mzima kwa mchanga wa mto. Akaweka nukta, akafunga mkoba haraka kabla hawajapata akili.

Nje, Kocha Shomvi alimvuta Sikudhani pembeni ya ukuta.

"Mwanangu, umesikia nilichosikia?"

"Nimesikia, Kocha."

"Wanaleta mchanga."

"Wanaleta mchanga."

"Na wewe unasema kama wao. 'Mchezaji huu.' Nilidhani umeugua."

"Ulikuwa unakuja pale, Kocha," Sikudhani akasema. "Nikaugusa mara moja."

Siku ya kumpokea kijana kutoka ng'ambo, uwanja ulipambwa. Bendi ya polisi ilikuwepo, wenye ngoma wamevaa kaptula zilizopigwa pasi mpaka zinakata. Waziri alishika shada la maua. Jezi namba tisa ilikunjwa kwenye sinia, na watoto wa shule walikuwa wamefundishwa wimbo wa "Karibu Mchanga", ambao ulikuwa na beti nyingi zote zinafanana.

Likaja lori. Nyuma yake jingine, na la tatu. Yakasimama. Watu wakanyoosha shingo kumtafuta kijana. Dereva wa lori la kwanza akashuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akamsogelea mtu aliyemwona amevaa vizuri kuliko wote.

"Shikamoo mzee. Niumwage wapi?"

"Umwage nini?" Waziri akauliza.

"Mchanga."

Hapo pangekuwa nchi nyingine, mtu angecheka. Hapa bendi iliendelea kupiga kwa sababu haikuwa imepewa amri ya kuacha. Dereva akajichagulia mahali pembeni ya goli, akabonyeza, mchanga ukashuka shwaa. Ulikuwa mzuri, nao nisiuonee. Safi, laini, hauna jiwe.

Waziri akauzunguka. Akauzunguka tena. Bwana Ndimbo alikuwa ameshaandika barua ya kustaafu kichwani. Waziri akanyoosha mkono, akachota kidogo, akauacha udondoke katikati ya vidole. Halafu akasogelea kipaza sauti.

"Mchanga huu," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ashike wizara ngeli yake ilikuwa sahihi. Watu wakapiga makofi, wengine kwa mshangao wa kisarufi tu.

"Mchanga huu tuliuomba wenyewe. Taifa lenye papara litatazama hapa lione mchanga. Taifa lenye maono litatazama lione mchezaji. Wangapi kati yetu tulianza tukiwa wakubwa? Mimi mwenyewe nilianza mdogo. Tuulee. Tuumwagilie. Utakomaa."

Akaliweka shada juu ya lundo. Jezi namba tisa ikatandazwa, ikawekewa matofali manne isipeperuke. Watoto wakaimba beti zote.

Sikudhani akabaki Bondeni, kwa mujibu wa mkataba.

Bwana Nkondo alipewa kazi ya kuusimamia mchanga ukue. Alijengewa kibanda na kununuliwa ndoo, akawa anaumwagilia asubuhi na jioni na kupeleka taarifa wizarani. "Unatulia," aliandika wiki ya kwanza. "Una nidhamu, hautoki kambini." Wasichana wa timu nao walikuwa wanachota kidogo kidogo kwa ndoo hiyohiyo kujaza lile dimbwi la goli la kaskazini, mpaka Bwana Nkondo akaogopa, akaandika kwamba mchanga umepungua. Waziri akajibu kwa mkono wake mwenyewe: "Mchezaji ukipungua uzito ni dalili ya mazoezi. Uendelee."

Lilipofika Kombe la Mto, Nyuki walikutana na ng'ambo fainali. Orodha ikasomwa kwa kipaza sauti, na mwishoni kabisa, katika wachezaji wa akiba, likasomwa jina la Mchanga. Bibi Nyangeta alikuwa jukwaani na mkoba wake. Sikudhani alisimama mahali pamoja karibu mchezo mzima, pale palipokuwa na dimbwi zamani, sasa pakavu na pazuri. Kuelekea mwisho Tausi akamwangalia, yeye akaangalia pembeni, mpira ukapita hukohuko pembeni ukarudi kwake. Akaugusa. Moja bila.

Bibi Nyangeta akaanza kupiga simu.

"Mheshimiwa, umekomaa?"

"Bado. Lakini umekuja juu sana."

Wiki iliyofuata: "Umekomaa?"

"Una mafua kidogo, mvua zilikuwa nyingi."

Ingeendelea hivyo mpaka sasa, lakini mchanga ukimwagiliwa kila siku na mtu mwaminifu, hata mchanga huona haya. Asubuhi moja Bwana Nkondo alifika na ndoo yake akakuta kitu cha kijani kimechomoza katikati ya lundo, karibu na jezi. Mche wa mchicha. Akakaa chini akalia. Miaka yote ya mananasi hakuwahi kupata ushindi kama ule. Akapeleka taarifa mbio.

"Umeota," Waziri akamwambia Bwana Ndimbo. "Mtu uliosema ni mchanga tu ungeona aibu. Andaeni sherehe. Siku mchicha ukipevuka, mchanga umekomaa, na mchezaji huu unaondoka."

Sasa jambo likawa kweli. Bibi Nyangeta alituma gari zuri lenye mapazia. Sikudhani akaambiwa afunge vitu vyake. Wasichana walimsaidia, na Tausi alikunja jezi moja mara nyingi, anaikunja anaikunjua. Kocha Shomvi hakuja kambini. Alikaa uwanjani na mbuzi wake, anamfunga kwenye nguzo ya goli na kumfungua, anamfunga tena.

Siku ya sherehe mchicha ulikuwa umefika gotini, majani mapana, yanang'aa. Mama Sheila aliukadiria kwa macho akasema fungu zuri moja. Bendi ikapiga. Bibi Nyangeta akakaa mstari wa mbele. Sikudhani alisimama upande wa goli na begi lake, gongo amelilaza chini. Waziri akaanza hotuba, na kwa kuwa ilikuwa siku ya furaha, akaanzia kwenye historia ya kilimo cha umwagiliaji.

Alipofika kwenye mabonde ya kale, Bwana Nkondo alionekana anakuja mbio kutoka upande wa lundo, koti limefunguka, mikono kichwani.

"Mheshimiwa," akasema, na kipaza sauti kikalichukua neno likaenda uwanja mzima. "Katibu amekula."

Waziri akamgeukia Katibu Mkuu wake polepole. Bwana Ndimbo alikuwa amegeuka rangi ya majivu.

"Nitarudisha, Mheshimiwa," akasema. "Si zote nilikula mimi. Nipe mpaka mwisho wa mwezi."

"Si wewe, mzee," Bwana Nkondo akasema huku analia. "Katibu mbuzi. Amekula mchicha wote, na shina."

Bwana Ndimbo akatoa leso akajifuta, lakini neno likitoka halirudi, na shemeji yangu anasema hotuba ile haikuwahi kurudi kwenye umwagiliaji. Kule kwenye lundo Katibu alikuwa amesimama juu ya jezi namba tisa, anatafuna kwa utulivu wa mtu ambaye hajibu barua.

"Nani uliufungua mbuzi?" Waziri akauliza.

Hakuna aliyejua. Kamba ilikuwa imefungwa kwenye goli, fundo zuri, Kocha mwenyewe alilifunga mbele ya watu. Jirani na goli alikuwepo Sikudhani tu, na wote walimwona amesimama palepale tangu bendi ianze, gongo limelala chini karibu na kamba. Hakukimbia popote. Kama aliligusa lile fundo, basi aliligusa mara moja.

Sheria ya Mazao inasema wazi: zao likiliwa na mnyama kabla ya kukabidhiwa, msimu unaanza upya. Waziri akaisoma kwa sauti mwenyewe, akaufunga mkutano. Bibi Nyangeta akapanda gari lake lenye mapazia, akavuka mto bila mtu. Siku hizi anapiga simu mara moja kwa mwaka, nyakati za mvua, kwa adabu tu.

Watu walipokuwa wanatawanyika, yule mwandishi kijana aliyeleta balaa lote alimkimbilia Sikudhani na daftari lake. Alitaka kujua kama hakuumia moyo, miezi yote ile kuitwa "mchezaji huu", kuwekwa ngeli moja na mihogo na mikorosho.

Sikudhani alikuwa amepiga goti, anamlisha Katibu maganda ya ndizi ya Mama Sheila kiganjani.

"Nilikuwa naumia," akasema. "Halafu nikafikiri. Mtu unaweza kumwambia afunge begi. Mti utauambia nini?"